Kwa nini kila mtu maabara anatumia E. coli? Naombeni ushauri wa projekti, nimekwama

mwaka_wa_mwisho:
Habarini wakuu, poleni na majukumu. Niko mwaka wa 3 bayoteknolojia, chuo sikitaji, na hapa nilipo hata usingizi haupandi. Nilipeleka propozo kwa supavaiza nimeandika nitatumia E. coli, yule bakteria wa tumboni, akasoma ukurasa wa kwanza akaniuliza swali moja tu, "kwa nini huyu na siyo mwingine?" Nikamjibu kwa sababu ndiye anayetumika kila sehemu. Akafunga makaratasi akanirudishia, akasema rudi ukiwa na sababu yako.

Basi nimepekua notsi zote, kila ukurasa E. coli, E. coli, hamira, E. coli tena. Rumeti wangu anasoma uhasibu yeye anacheka tu, anasema mnasoma miaka 3 yote mje mfuge vijidudu vya chooni. Na kweli ukikaa ukifikiria ni walewale tunaoambiwa wakionekana kwenye maji ya kisima ujue kisima kimeingiliwa na kinyesi, sasa inakuwaje haohao ndio watengeneze dawa?

Nina mawazo mawili. La kwanza nichote maji ya mfereji unaopita nyuma ya soko, nitoe E. coli humo niwatumie. La pili, shangazi yangu yuko Dodoma, karanga zake mnunuzi alizikataa akasema zina sumukuvu, nilitaka anitumie gunia hilo nikuze ule ukungu hapa chumbani nione unakuwaje. Bajeti ni laki 2, ikizidi sana laki 2 na nusu. Otokleivu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, iko moja idara nzima na inagoma, umeme nao si mnaujua. Naombeni kwanza nielewe hawa viumbe walichaguliwa kwa vigezo gani, pili mimi nimchukue nani. Msinitukane tafadhali.

Fundi_Maabara:
Mdogo wangu huyo supavaiza wako mshukuru, wengine wangekupitishia halafu ukaumbuke siku ya kutetea.

Tuanze na hilo la chooni. E. coli wa maabara na E. coli wa mfereji wako ni kama kuku wa kisasa na kuku wa kienyeji. Wote kuku, ila ukimfungulia wa kisasa akajitafutie porini jioni humuoni. Yule anayetumika sana anaitwa K-12, alitolewa 1922 kwenye kinyesi cha mtu aliyekuwa anapona dondakoo huko Stanford, California. Ndiyo, kinyesi, rumeti wako hajakosea hapo. Lakini toka mwaka huo analelewa kwenye vichupa, kizazi juu ya kizazi, mpaka amepoteza lile koti la sukari la nje ambalo ndugu zake wa tumboni wanavaa, ukimmeza kwa bahati mbaya hata kushika makazi tumboni anashindwa. Huyu wa mfereji mwenzangu ni kienyeji haswa, anaweza akawa na jeni za usugu wa dawa, anaweza akawa wa aina ile ya kuharisha damu, na wewe hujui umebeba yupi. Wazo la mfereji liache hapohapo.

Sasa kwa nini yeye. Moja, mbio. Kwenye mchuzi mzuri wa kuoteshea na joto la 37 anagawanyika kila dakika 20 hivi, ukipanda jioni asubuhi una vinundu, yaani makundi yao, vinaonekana kwa macho. Mbili, na hii ndiyo kubwa, watu wanamjua. Jinomu yake yote, yaani DNA yake nzima, ilitangazwa 1997, herufi kama milioni 4.6, jeni elfu 4 na kitu, na maelfu ya watu walishaharibu jeni mojamoja wakaona kinatokea nini. Tatu anakubali kubebeshwa plasmidi, yaani kipete kidogo cha DNA. Unamloweka kwenye kalsiamu kloraidi ya baridi ya barafu, unamchanganya na DNA yako, unamtumbukiza kwenye maji ya 42 kwa sekunde kama 45, unamrudisha kwenye barafu, baadhi yao wanaingiza ile DNA. Wengi hawaingizi, ila unawapanda kwenye sahani yenye antibayotiki na wale tu walioibeba plasmidi, yenye jeni ya kuhimili dawa hiyo, ndio wanaota. Mara ya kwanza nilipoona vinundu 6 kwenye sahani niliita maabara nzima, watu wakaja wakaangalia wakaondoka, kumbe kwao kawaida.

Ila ana mapungufu na hapa ndipo supavaiza anataka ufike. Protini nyingi za binadamu zikishatengenezwa zinavishwa minyororo ya sukari, E. coli wa kawaida hiyo kazi haijui. Ukimlazimisha atengeneze protini kubwa anaikunjakunja ovyo inakuwa madonge humohumo ndani ya seli, unaanza kazi nyingine ya kuyayeyusha. Ndio maana wengine wakakimbilia hamira, ambayo seli yake ina kiini kama yetu. Kwa hiyo "anatumika kila sehemu" siyo kweli, anatumika pale anapoweza.

Na usisahau friza. Hao viumbe tunawatunza kwenye gliseroli kwenye baridi ya -80, kuna sikukuu moja umeme ulikata siku 2 jenereta halikuwaka, tulirudi tukakuta makusanyo ya miaka 9 ni supu. Mwenye makusanyo alikaa kwenye ngazi hajasema neno. Sasa hivi kila kitu kina nakala kwenye jengo jingine.

Mzee wa Kijiwe:
Kwa hiyo hizi sindano tunazochomwa hospitali zinatoka kwa vijidudu vya mavi?? Na mlikuwa kimya muda wote huo 😂😂

Sukari_Miaka_11:
Mzee wa Kijiwe mimi nachoma insulini mwaka wa 11 sasa na nilishamuuliza daktari wangu hilohilo kwa hasira kabisa. Alinieleza vizuri. Zamani insulini ilikuwa inakamuliwa kwenye kongosho la nguruwe na ng'ombe wa machinjioni, wengine ilikuwa inawaletea mzio, na Waislamu kama mimi ndio usiseme. 1978 kampuni ya Genentech na wenzao wa City of Hope kule California wakaichukua maelekezo ya insulini ya mtu wakayaweka kwa huyo bakteria, wakaunda minyororo 2 kila mmoja peke yake halafu wakaiunganisha. 1982 Marekani wakaruhusu itumike. Kinachokuja kwenye kichupa ni insulini iliyosafishwa, yule bakteria alishavunjwavunjwa akatupwa zamani, hayumo.

Mimi najali zaidi nitaitunzaje maana friji sina, naiweka kwenye chungu ndani ya chungu kina mchanga mbichi katikati. Hao wanaobishana kijidudu kimetoka wapi waje wakeshe na sukari iliyoshuka mpaka 2.4 saa 9 usiku tuone.

Mzee wa Kijiwe:
Pole sana ndugu yangu, nilikuwa natania. Mungu akupe afya.

Fundi_Maabara:
Ameeleza kuliko mimi. Niongeze tu na upande wa hamira, maana watu wanadhani ni ya maandazi peke yake. Chanjo ya kwanza kabisa ya binadamu kutengenezwa kwa njia hii ya kuhamisha jeni ni ya homa ya ini B, 1986, na iliundwa ndani ya hamira. Na ile ya saratani ya mlango wa kizazi ya Gardasil, ambayo mabinti wa miaka 14 hapa Tanzania walianza kuchomwa 2018, protini yake inaundwa na hamira pia. Hamira inatengeneza ganda la kirusi, ganda tupu, zinajipanga zenyewe kuwa vimpira vinavyofanana na kirusi kwa nje lakini ndani hakuna kitu. Mwili unajifunza sura ya adui bila adui kuwepo.

Flamingo_254:
Sasa wadau, mimi niko Nakuru na nashangaa mnaongea tu kuhusu California. Hapa kwetu tuna maziwa ya magadi, Nakuru, Bogoria, Elmenteita, na nyinyi huko mko na Natron. Maji yake ni makali hivi kwamba ukiosha nayo mikono inateleza kama umetumia sabuni, lakini kuna bakteria wameyazoea wanaishi tu freshi. Wale flamingo wenyewe chakula chao kikubwa ni bakteria! Ile kitu ya kijani inaitwa spirulina watu hudhani ni mmea, zii, ni bakteria wa kutumia mwanga.

Kitu chenye huuma ni hiki. Miaka ya 90 mwanzoni wazungu walichukua sampuli kwa haya maziwa, na kampuni inaitwa Genencor ikapata hapo enzaimu, yaani protini za kuharakisha kazi, hizi ni za kukula selulosi ya nyuzi za pamba, zikaingia kwa sabuni za kufua na kwa viwanda vya suruali za jinzi, ile ya kufanya jinzi mpya ikae kama imevaliwa miaka. Kitambo walikuwa wanazifua na mawe. Mnajua kwa nini enzaimu ya Nakuru? Kwa sababu maji ya sabuni ni ya alikali, enzaimu ya kawaida huko inakufa, hii yetu iko nyumbani. 2004 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wakatoka wakasema hizo sampuli zilichukuliwa bila ruhusa yao na Kenya haikupata chochote, kampuni nayo ikakataa hiyo lawama. Ikawa kelele kubwa kwa magazeti.

Na si sisi pekee jameni. Yellowstone huko Marekani kuna chemchemi za moto, jamaa anaitwa Thomas Brock alitoa hapo bakteria Thermus aquaticus mwaka wa 1966, anaishi kwa joto ya kama 70. Enzaimu yake ya kunakili DNA haiharibiki ukiichemsha, na PCR, ile njia ya kunakili DNA mara nyingi, lazima uchemshe tena na tena kutenganisha zile nyuzi mbili. Kabla ya hiyo ilikuwa lazima uongeze enzaimu mpya kila mzunguko, mtu amesimama hapo na saa mkononi. Vipimo vya kovidi vya pua vya PCR vyote vimesimama juu ya hiyo kazi. Kampuni ya dawa ya Roche walinunua haki za PCR kwa dola milioni 300 mwaka wa 1991, na mbuga yenyewe haikupata hata ya kupaka rangi geti. Angalau sasa kuna Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa, ilianza kufanya kazi 2014, mtu akitaka kuchukua sampuli lazima kuwe na ruhusa na makubaliano ya kugawana. So wewe mwanafunzi ukichota kitu mahali popote, andika umechota wapi, lini, na nani alikuruhusu. Usicheke, hiyo karatasi ndio inakuwa pesa baadaye.

mwaka_wa_mwisho:
Dah asanteni sana, naandika kila kitu. Mfereji nimeuacha rasmi. Ila karanga bado zinanivuta maana ni tatizo la nyumbani kabisa, shangazi alilia.

Bwana_Shamba_Dom:
Karanga hapana kijana. Nakusema kwa mapenzi. Ule ukungu wa kijani cha njano ni Aspergillus flavus, ukiufuga kwenye chumba cha kulala vumbi lake ndilo unalovuta usiku kucha, na sumu yake haioni huruma kwa ini. 2004 Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye hiyo sumu na 125 wakafa. Hapa kwetu 2016, Dodoma na Manyara, walikufa 20. Sumu yenyewe kuipika haiishi, kuikaanga haiishi. Kazi ya huyo inataka kabati la usalama na mtu mzima pembeni yako, siyo hosteli.

Lakini jambo lenyewe ni zuri na ngoja nikueleze linavyotatuliwa maana wengi hawajui kwamba dawa ya huyo fangasi ni fangasi mwenzake. Huko mashambani siyo kila A. flavus anatengeneza sumu, wapo ambao jeni zao za sumu zimekufa kabisa, wanakula kama wenzao ila sumu hawatoi. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, wanawatafuta hao katika nchi husika, siyo kuleta wa Nigeria kumwaga Dodoma, wanachagua wa hapahapa. Wanawapaka kwenye punje za mtama uliokaangwa usiote, mkulima anamwaga kilo 4 kwa ekari wiki 2 au 3 kabla mahindi hayajatoa maua. Punje inapata unyevu, fangasi mpole anachipua, anajaa shambani anashika nafasi zote, yule mwenye sumu akija anakuta viti vimekaliwa. Inaitwa Aflasafe, Tanzania ilisajiliwa 2018. Mwambie shangazi aulizie kwa afisa ugani, na akivuna asianike chini kwenye udongo, atandike turubai, asihifadhi zikiwa na unyevu. Nusu ya vita iko kwenye kuanika.

Mzee wa Kijiwe:
Haya mambo ya kufuga hao viumbe sisi tumeyaanza kabla yenu wasomi. Kila jioni hapa kijiweni tunafanya utafiti na matokeo yanaonekana wazi wazi mtu anarudi kwake akiwa amekumbatia mti 😂

Hadubini:
Mzee unacheka lakini umegusa kitu kikubwa bila kujua. Kuna aina ya hamira inatumika maabara dunia nzima, jina lake la kisayansi ni Schizosaccharomyces pombe. Hilo neno la mwisho ni pombe hiihii yako.

Mzee wa Kijiwe:
Acha utani bwana.

Hadubini:
Sina utani. 1893 Mjerumani Paul Lindner aliletewa pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akaangalia kwenye hadubini akakuta hamira ambayo siyo ile ya mikate. Ya mikate inachipua kitoto pembeni kama kichipukizi cha mgomba, hii ni kijiti kirefu na inajikata katikati pande 2 sawasawa. Akaipa jina pombe kwa heshima ya mahali alipoikuta. Ikakaa kimya miaka mingi, baadaye Mswisi mmoja Urs Leupold akaanza kuchunguza urithi wa tabia zake, halafu Mwingereza Paul Nurse akaichukua kujiuliza swali moja, seli inajuaje kwamba sasa ni wakati wa kugawanyika?

Na hapa ndipo utaona kwa nini huyu na siyo E. coli (mwaka_wa_mwisho soma kwa makini). Kijiti hiki kinarefuka kikiwa na upana uleule, kikifika urefu fulani kinajikata. Kwa hiyo ukipima urefu tu kwenye hadubini unajua kimefika wapi. Ukiharibu jeni ya kuamuru kugawanyika, seli inarefuka inakuwa kama tambi haikati. Ukiharibu jeni ya breki inajikata mapema, unapata vijiseli vifupi. Nurse alikuwa anaona jeni kwa macho kupitia urefu! Akapata jeni inaitwa cdc2 ambayo ndiyo kama swichi. 1987 yeye na mwenzake Melanie Lee wakachukua jeni za binadamu wakaziingiza kwenye hamira yenye cdc2 iliyoharibika, na jeni moja ya mtu ikaiokoa, hamira ikaanza kugawanyika tena. Yaani swichi ya kwenye mwili wako na swichi ya kwenye kibuyu cha mzee ni ileile, zimeachana zaidi ya miaka bilioni moja na bado zinaelewana. Saratani ni kugawanyika kusikokoma, kwa hiyo unaona maana yake. Nurse akapata Nobel 2001 pamoja na Hartwell, ambaye alitumia hamira ya mikate, na Tim Hunt.

Mimi kinachonikera kidogo ni kwamba watoto wetu wanakariri hilo jina na wanalitamka kizungu, "pombi", mbele ya darasa zima la Waswahili na hakuna anayeshtuka.

Mzee wa Kijiwe:
Sasa hiyo Nobel mgao wetu uko wapi, Flamingo njoo na karatasi zako za Nagoya tuanze kesi!!

Flamingo_254:
😂😂 Hiyo ya 1893 mzee imeshapita muda.

Mama_Kimea:
Wanangu shikamooni mlio wakubwa na marahaba kwa wadogo. Mimi hayo majina marefu siyajui ila natengeneza togwa Songea mwaka wa 20 sasa na nauza stendi. Napika uji wa mahindi mzito, nauacha upoe uwe vuguvugu, naweka unga wa kimea cha ulezi, nafunika. Uji mzito ule unalainika wenyewe unakuwa mwepesi kama maji kabla hata haujawa mchachu, mpaka leo kila mgeni anashangaa. Kesho yake unakuwa mchachu mtamu. Swali langu, kuna siku unatoka vizuri na kuna siku unanukia vibaya unatoa na mapovu kama bia, na mimi nimefanya yaleyale. Mnaojua mniambie. Halafu huyu kijana kwa nini anahangaika na mifereji na karanga mbovu wakati hivi viumbe viko kwenye ndoo yangu na watu wanakunywa toka enzi za bibi na hawajafa?

Fundi_Maabara:
Mama shikamoo. Kijana umesikia? Projekti yako hiyo hapo, usitafute nyingine.

Mama kwanza nikujibu. Kulainika ni kazi ya kimea, ulezi ukiota unatengeneza enzaimu ya kukata wanga, ndio maana unatangulia kabla ya uchachu. Uchachu ni kazi ya bakteria wa asidi ya maziwa, ndugu wa hao wa mtindi, wanakuja na kimea chenyewe. Mapovu kama bia ni hamira imewazidi bakteria. Mara nyingi ni joto la siku hiyo, au kimea cha awamu hiyo kimekaa vibaya, au ndoo haikusuguliwa pembeni. Jaribu hivi, siku togwa ikitoka nzuri chota kikombe, tumia hicho kuanzishia ya kesho badala ya kutegemea bahati. Hao wazuri wanakuwa jeshi tayari wanawahi nafasi, sawa na alivyosema Bwana Shamba kuhusu viti.

Sasa kijana. Swali lako liwe: bakteria wa togwa wanawazuia E. coli, na kama ndiyo, wanawazuia kwa asidi tu au kuna kitu kingine? Hapa nchini watafiti walishawapa watoto wa chini ya miaka 5 uji uliochachushwa wa aina hiyo, wakakuta vimelea vya kuharisha vimepungua kwenye sampuli za watoto, kwa hiyo huanzi hewani.

Chukua togwa kwa watengenezaji 3 tofauti. Zimua, panda kwenye agari ya MRS, chakula kigumu cha kuoteshea bakteria hawa, ukiona bei inakushinda kuna watu wanakuza hawa kwenye agari ya juisi ya nyanya na wanaota. Ongeza unga wa kalsiamu kaboneti, sahani itakuwa nyeupe kama maziwa, kinundu kinachotoa asidi kitajichimbia duara angavu kuzunguka. Weka sahani kwenye ndoo yenye kifuniko, washa mshumaa ndani, funika, mshumaa ukizimika wenyewe oksijeni imepungua, wanapenda hivyo. Joto la 30 mpaka 37, yaani hata umeme ukikata chumba cha Morogoro au Dar hakitawaua, na hiyo ni sababu moja ya kumwambia supavaiza. Halafu hakikisha ni wenyewe: ukiwapaka rangi ya Gram, ya kutofautisha aina za bakteria, wawe zambarau, na ukidondoshea haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa wasitoe povu.

Mwisho waoteshe kwenye mchuzi, zungusha kwenye sentrifyuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi bakteria watuame chini, upate maji ya juu. Toboa vishimo kwenye sahani uliyopandikiza K-12, omba idarani, tena kwa maandishi, usichukue wa mfereji! Kishimo cha kwanza weka hayo maji kama yalivyo. Cha pili weka hayohayo ila umeyapunguza uchachu mpaka pH (kipimo cha uchachu) 6.5 kwa sodiamu haidroksaidi. Cha tatu mchuzi mtupu uliotiwa asidi ya laktiki mpaka pH ileile ya cha kwanza. Duara likiwepo kwenye cha kwanza na cha tatu tu, basi ni asidi. Likibaki na kwenye cha pili, una kitu, inaweza ikawa bakteriosini, protini ya bakteria ya kuua bakteria wengine, na hapo ndipo watakukimbilia wenyewe. Wanafunzi wengi wanasahau kishimo cha pili, mimi nikiwa kwenye paneli naanzia hapo.

Otokleivu ikigoma tumia presha kuka nzito ya jikoni, ile inayofika presha ya 15, dakika 15 toka ianze kupiga filimbi sawasawa. Nimefanya hivyo miaka 4 na sijawahi kuona aibu.

mwaka_wa_mwisho:
Wakuu sijui niseme nini. Nimerudi leo kwa supavaiza na karatasi moja tu, nimeandika sababu 4: viumbe ni salama vinaliwa, vinaota bila umeme wa uhakika, vinapatikana kwa watengenezaji wa hapa, na swali linapimika kwa vishimo 3. Akasoma akakaa kimya, akaniuliza "kishimo cha pili nani kakufundisha?" nikasema nimeshauriwa na watu. Akasaini. Ila kaongeza sharti, nipate na barua ya kila mtengenezaji togwa kuwa ameridhia, Flamingo ulijuaje!

Mama_Kimea, nikija Songea likizo nitaomba unipe togwa yako, ile ya siku nzuri na ile ya siku mbaya pia.

Mama_Kimea:
Njoo mwanangu, barua nitaweka dole gumba. Ya siku mbaya huwa namwagia nguruwe ila nitakuwekea. Usije na chupa ya plastiki ya soda ukaikaza kizibo, mwaka juzi kuna mtu nilimpa ikampasukia kwenye basi hapo Makambako, abiria wote walinuka uchachu mpaka Iringa na konda alitaka kumshusha.